Kijana wa chuo Tabora: nguo 12 zinatosha mwaka mzima. Anayebisha aje na hoja

#1 Mtoto_wa_Isevya
Habari wadau. Naenda moja kwa moja.

Nakaa jirani na vyumba walivyopanga wanachuo hapa Tabora. Kila masomo yakianza naona kitu kilekile: kijana anashuka na begi limefura hadi zipu haifungi, halafu ikifika siku ya kuwasilisha kazi mbele ya darasa anagonga mlango wa mwenzake kuazima shati. Nguo anazo, cha kuvaa hana.

Dai langu ni hili. Nguo 12 na viatu pea mbili zinamtosha mwanachuo wa kiume mwaka mzima, na kwa mtumba wa hapa mjini hazivuki laki na nusu, fundi akiwemo. Mashati manne: jeupe, la bluu ya mbingu, la mistari myembamba na la kitenge. Fomu siksi (fulana zenye kola) mbili. Fulana mbili za rangi moja, zisizo na maandishi kifuani. Kadeti mbili, ya kaki na ya bluu iliyoiva. Suruali ya kitambaa moja, ya kijivu. Jinzi moja iliyokolea, isiyochanwa. Viatu vyeusi vya ngozi na raba moja. Boksa, soksi na sweta sijazihesabu.

Jambo kubwa ni kwamba kila shati hapo linaenda na kila suruali. Mashati manne kwa suruali nne, tayari una mitoko 16 kabla hujagusa fulana.

Sasa swali: kwa nini vijana wetu wananunua kila wakipata hela na bado hawana cha kuvaa? Tujuzane.

#2 DogoUhazili
Kaka laki na nusu unaiongelea kama iko mfukoni. Wa digrii wana bumu, Bodi ya Mikopo inawapa elfu kumi kwa siku ya kula na kulala. Sisi wengi wa cheti tunaishi kwa alichotuma mzee akiuza mpunga. Nguo nanunua moja moja pale hela inapobaki, na hela ikibaki unanunua kilicho mbele yako. Jibu la swali lako ndilo hilo, hela inakuja vipandevipande.

#3 ChumaChaReli
Dogo #2, na huyo wa digrii usimwonee wivu. Hiyo elfu kumi haitolewi kila asubuhi, inakuja kwa mkupuo. Wiki bumu linapoingia ndiyo wiki mbaya kuliko zote kununua nguo, maana kila mtu yuko sokoni na wauzaji wanajua.

#4 BeloLaKwanza
Nauza mtumba, nizungumze kama muuzaji. Shida ya wanachuo ni saa.

Belo likikatwa kamba asubuhi, wanaokuwa wamesimama pale ni wachuuzi wadogo na watu wa maofisini. Wanachagua za kwanza, shati zuri linakwenda elfu nane hadi kumi. Wakishapita bei inashuka. Jioni tunamwaga chini zilizobaki, elfu moja, mia tano, ndipo mwanachuo anatokea Jumamosi saa kumi anachekelea kwamba kapata tano kwa bei ya moja. Amepata tano ambazo watu wote wa mji huu wameshazishika na kuziacha! Kola imekwisha, kwapa limepauka, kifungo cha tumboni hakipo.

Muulize muuzaji wako siku anayofungua belo la mashati na siku ya suruali. Hatufichi. Njoo saa moja asubuhi na elfu nane uondoke na shati moja utakalovaa hadi umalize chuo.

#5 FundiNgambo
Mkuu BeloLaKwanza umeeleza vizuri lakini mimi nabisha. Nawapokea hao waliochagua za kwanza, na bado wanatoka hovyo. Tatizo ni kipimo.

Mashati mengi ya mtumba yalikatwa kwa watu wenye miili mikubwa kuliko vijana wetu. Kijana anaona jina la kampuni kwenye kola, anaacha kuangalia bega. Ukivaa shati, mshono wa bega ukae juu ya mfupa pale bega linapoishia. Ukishuka vidole viwili kwenye mkono, weka chini, hata kama ni la bure. Bega kulirudisha ni kufumua mkono mzima na kukata kwapa upya, kazi hiyo utailipa kuliko bei ya shati. Mbavuni nakubania. Urefu nakata. Mikono mirefu naifanya mifupi. Suruali kiuno napunguza hadi inchi mbili, zaidi ya hapo mifuko ya nyuma inasogeleana inakaa kama macho ya bundi. Suruali ikiwa inakubana mapajani usinunue, kitambaa cha kuongeza sina pa kukitoa.

Na kola ikilika usitupe shati. Mlete, nafumua kola, naigeuza upande wa chini uje juu, nashona tena. Linaonekana jipya. Watoto wa siku hizi hawajui kama kitu hicho kipo.

#6 DogoUhazili
Fundi hiyo ya kugeuza kola ni kweli? Nina mashati mawili nimeyafanya tambara la kudeki.

#7 FundiNgambo
Kweli kabisa. Yafue uje nayo, ila kama ni yale yenye kola iliyokatwa kwa mtindo, vitundu vya vifungo pembeni, niyaone kwanza.

#8 DadaWaCheyo
Wakaka mnaongea mashati mashati. Sisi tunaanza kuangalia chini. Kijana kapiga kadeti safi, shati limenyooka, halafu viatu vimeinua pua na soli inapiga makofi. Mtoa mada umewapa viatu mstari mmoja tu, umewaonea.

#9 ChumaChaReli
Dada Cheyo, barabara za huku mitaani ni mchanga na vumbi, kiatu cheusi kinakuwa cha kaki kabla hujafika getini. Beba kitambaa kwenye begi.

#10 DadaWaCheyo
Basi bebeni. Nani kawakataza?

#11 Mtoto_wa_Isevya
Dada #8 sawa, viatu vinastahili maelezo yake. Kwa mtumba, kunja kiatu katikati. Ngozi inakunjamana na kurudi, rexine, yaani ngozi bandia, inabaki na alama nyeupe au inachanika vipande vidogo kama ganda. Angalia kama soli imeshonwa kuzunguka au imegundishwa tu.

Halafu kuna raba za soli ya povu. Zinaonekana mpya, hazijavaliwa, bei nzuri. Lile povu linazeeka lenyewe kwa unyevu wa hewani hata likiwa ndani ya boksi. Unavaa siku ya kwanza, mchana soli inameguka kama mkate. Bonyeza kwa ukucha pembeni ya soli kabla hujalipa: likiacha shimo lisilorudi au likitoa unga, rudisha.

#12 KijanaWaIgunga
Mimi naona hapa mnazunguka. Sababu ya kwanza ni rangi. Chumbani kwetu tuko wanne, tumehesabu, mwenzetu ana suruali nyekundu, ya kijani, ya maua na jinzi imechanwa magotini. Mashati yake ni drafti kubwa yote. Kila nguo nzuri ikiwa peke yake, ila hakuna mbili zinazokubali kuvaliwa pamoja. Mgawo wa mtoa mada unafanya kazi kwa sababu suruali zote zimetulia. Ukitaka makeke, weka kwenye shati moja la kitenge.

#13 MwalimuMstaafu
Vijana hongereni kwa mjadala. Nawakumbusha tu kwamba haya ya mitumba yalikuwa yafutike. Mwaka 2016 serikali yetu ilipiga marufuku nguo za mitumba, wafanyabiashara wakaendelea kimyakimya. Tungesimama imara, leo mwanachuo angevaa pamba ya Igunga na Nzega iliyosokotwa na kufumwa hapahapa. Sisi tulivaa vitambaa vya Urafiki, kiwanda kilichofunguliwa 1968, na suruali ilishonwa kwa fundi ikakaa miaka.

#14 BeloLaKwanza
Shikamoo mwalimu. Kwa heshima, haikupigwa marufuku. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana mitumba iondolewe kidogokidogo hadi 2019. Marekani ikatishia kuondoa upendeleo wa AGOA, ule mpango wake wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, Tanzania na Uganda zikalegeza. Rwanda ndiyo iliyoshikilia ushuru wake mkubwa, na 2018 Marekani ikasimamisha upendeleo kwa nguo za Rwanda. Kilichopigwa marufuku hapa kwetu ni nguo za ndani za mtumba, TBS, Shirika la Viwango, hawaruhusu. Kwa hiyo vijana boksa na soksi nunueni mpya, hapo msibane matumizi.

#15 MwalimuMstaafu
Marahaba. Ahsante kwa kuweka sawa. Hoja yangu ya pamba inabaki. Mwanachuo angeshonewa suruali mbili za kipimo chake angemaliza nazo chuo. Mwalimu Nyerere kasoma Tabora Boys, akafundisha St. Mary's hapahapa mjini, zama hizo mtu alikuwa na nguo za kuhesabika na alionekana mtu.

#16 DogoUhazili
Mwalimu kushona suruali sasa hivi kitambaa peke yake ni bei ya kadeti mbili za mtumba, hujamlipa fundi.

#17 FundiNgambo
Dogo kasema kweli, na mimi ndiye ningefaidika mkishona. Ila suruali moja, ile ya kitambaa ya kijivu, shoneni. Ndiyo ya kuwasilisha kazi, ya usaili, ya msiba, ya harusi ya dada. Mwambie fundi akuachie akiba ya kitambaa kiunoni nyuma na upindo mrefu chini, mwili wa miaka 20 bado unabadilika.

#18 NyukiMkali
Niko kozi ya ufugaji nyuki, tukienda porini tunavaa maovaroli meupe hivyo kuhusu joto nina la kusema. Hakuna aliyetaja kitambaa chenyewe. Oktoba ya Tabora jua likiwa la utosini, shati la polista linakufanya unuke saa nne asubuhi hata kama umeoga. Polista hainywi jasho, na harufu inakaa kwenye nyuzi, unafua, ukipata joto tena inafufuka. Mtu anadhani shati limechakaa, analiacha, ananunua lingine la polista. Huo ndio mzunguko unaomaliza hela.

Soma kilebo cha ndani ubavuni. Pamba tupu, au pamba iwe zaidi ya nusu. Kilebo kikiwa kimekatwa, kunja kitambaa kwenye ngumi uminye: pamba inabaki na mikunjo, polista inafunguka yenyewe.

#19 DadaWaCheyo
Na hiyo mikunjo ya pamba nani ataipiga pasi? Wakaka wa chuo pasi hawana. Shati la pamba lisilopigwa pasi ni bora polista iliyonyooka.

#20 NyukiMkali
Dada, ukilikung'uta likiwa linachuruzika na kulitundika kwenye hanga bila kulikamua, nusu ya mikunjo imeisha. Iliyobaki, pasi ya mkaa ya mwenye nyumba ipo.

#21 ChumaChaReli
Pasi ya mkaa na shati jeupe? Cheche moja tu kifuani umekwisha. Weka kitambaa chenye unyevu juu yake, na mkaa uwashwe nje ushike moto wote kwanza.

#22 MamaWawili
Habari zenu wanangu. Nina vijana wawili vyuoni, na mimi nasema nguo zinauawa kwenye kufua. Mwanangu wa kwanza alikuwa analoweka nguo zote pamoja kwenye beseni moja na sabuni ya unga tangu jioni hadi asubuhi. Jinzi inachuja, shati jeupe linatoka la buluubuluu, halafu anamwaga jiki kurekebisha.

Jiki na maji ya kisima si marafiki. Kama maji yana chuma, jiki inaitoa ile kutu inashika kwenye kitambaa, shati linakuwa la manjano na halirudi tena. Kola na kwapa sugua kwa sabuni ya mche ukiwa umelowesha tu, acha nusu saa, suuza. Nguo za rangi geuza ndani nje, anika kivulini. Ukifanya hivyo nguo 12 zinafika miaka mitatu.

#23 KijanaWaIgunga
Mama shikamoo. Kivulini ni sawa kwa rangi, ila huku kivuli chetu ni chini ya miembe, na kuna nzi anayependa kutaga kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini au chini kwenye mchanga. Ukivaa, funza anaingia kwenye ngozi, unaona jipu lenye tundu. Mwenzetu alitolewa wawili mgongoni. Heri rangi ipauke.

#24 MamaWawili
Marahaba mwanangu. Hilo ni la kweli kabisa, na dawa yake ni pasi pande zote mbili, hasa kwenye mishono na mpira wa kiunoni. Kivuli ninachosema mimi ni cha barazani kwenye kamba penye upepo. Nguo zisiguse ardhi.

#25 ChumaChaReli
Kwa hiyo tumerudi kwenye pasi. Dada Cheyo kashinda.

#26 MwanaUjiji
Salamu kutoka mwisho wa reli. Naona Tabora mnajadili kana kwamba Kigoma hatuvai. Kwetu mtumba unashindana na kitenge. Vitenge vya Kongo vinapita hapa, na kijana wa chuo akitaka shati la heshima hanunui belo la mtu. Pisi ni yadi sita. Shati la mikono mifupi linakula yadi mbili. Wenzako wawili mkichanga, pisi moja mashati matatu, kila mmoja anachagua mshono wake ili msifanane kama kwaya. Shati hilo unaingia nalo darasani, kanisani, harusini.

Na huku ziwani unyevu ni mwingi, masika nguo nzito haikauki siku mbili, inaanza kunuka. Hiyo jinzi ya mtoa mada kwetu ni mzigo. Kadeti nyepesi tatu, jinzi hapana.

#27 Mtoto_wa_Isevya
Mwana Ujiji karibu. Jinzi naitetea kwa Tabora. Juni na Julai usiku huku kunapiga baridi kweli, na vumbi la kiangazi kwenye jinzi halionekani, haifuliwi kila ukivaa. Kadeti ya kaki ukikaa kwenye benchi mara moja imeandika.

#28 DogoUhazili
Swali la pembeni. Mafunzo kwa vitendo napelekwa halmashauri. Jinzi ni sawa siku za Ijumaa?

#29 MwalimuMstaafu
Usijaribu kijana. Waraka wa mavazi ya watumishi wa umma upo tangu 2007, na ofisini utahesabiwa kama mmoja wao. Kadeti ya bluu na shati la kuchomekea, mkanda na viatu rangi moja. Wiki ya kwanza ndiyo wanayokusoma.

#30 KijanaWaIgunga
Hapo kwa mafunzo ndipo mgawo wa nguo 12 unakwama. Siku tano ofisini kwa wiki, mashati ya ofisini ni matatu tu, la kitenge la nne. Unafua katikati ya wiki usiku. Mimi ningeondoa fulana moja na fomu siksi moja, niongeze mashati mawili.

#31 NyukiMkali
Halafu mpirani utavaa nini? Naona kila mtu anajenga mgawo wa kozi yake. Sisi wa porini tungeondoa mashati tuongeze suruali ngumu na buti.

#32 BeloLaKwanza
Ndiyo maana nasema anza na ratiba yako ya wiki, uandike siku kwa siku unakwenda wapi, ndipo uje sokoni na karatasi. Wateja wangu wenye karatasi ni wachache sana na hao ndio sijawahi kuwaona wakirudisha kitu.

#33 DadaWaCheyo
Hakuna anayetaja kwamba wengine wananunua ili wasionekane wamerudia nguo. Kijana akipigwa picha na shati, hataki picha ya pili iwe na shati lile. Hapo si saa, si fundi, si polista. Ni macho ya wenzake, na sisi wadada tunachangia maana tunawacheka. Mtu safi akirudia nguo mimi namheshimu, nasema hadharani.

#34 DogoUhazili
Dada ungesema hilo muhula uliopita ungeniokolea hela nyingi.

#35 Mtoto_wa_Isevya
Nakubaliana na Dada kwa sehemu. Ila macho ya wenzake yapo vyuo vyote, na wapo vijana wanaovaa nguo nane kwa kujiamini. Kwangu bado ni mpangilio.

#36 KijanaWaIgunga
Na kwangu bado ni rangi.

#37 DogoUhazili
Mwana Ujiji nimevutiwa na hiyo ya pisi. Tuko watatu tayari kuchanga. Mmoja wetu ni mrefu sana, wa futi sita na zaidi. Yadi mbili zitamtosha?

#38 FundiNgambo
Hazitoshi. Huyo mrefu anataka mbili na nusu, na kama kitenge kina maua makubwa ya kuoanisha kifuani, zaidi ya hapo. Msikate mgawo sawa. Nileteeni pisi nzima na nyie wote watatu niwapime. Na kabla ya kuja kilowekeni usiku mmoja, kikauke, kipigwe pasi, la sivyo shati litarudi kwenye fuo la kwanza.

#39 MwanaUjiji
Fundi, kitenge kizuri cha nta hakirudi. Kinachorudi ni kile chepesi cha kuigiza, ukikigeuza upande wa pili rangi imefifia. Kile cha nta rangi zinalingana mbele na nyuma. Akiloweka usiku kucha atakiondolea mng'ao bure.

#40 FundiNgambo
Mng'ao ni gundi ya dukani, utatoka tu. Pamba ni pamba, cha nta nacho nimeshakipima kabla na baada. Dogo, loweka.